Umepasuliwa, mtoto analia: umnyonyeshe kwa mkao gani?

Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana mshono tumboni, dripu mkononi, mpira wa mkojo, miguu iliyokufa ganzi, na mtoto anayetaka kunyonya sasa hivi. Anaambiwa anyonyeshe. Wachache wanakaa naye kumwonyesha anyonyeshe vipi.

Mimi nimepasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilijikaza nikaketi wima kitandani, nikampakata mwanangu mbele ya tumbo kama nilivyowaona wanawake wote wakifanya. Kila alipojinyoosha, kisigino chake kilitua juu ya mshono. Kufikia usiku wa pili nilikuwa naogopa kumsikia akilia. Mara ya pili mkunga wa zamu alimchukua mtoto, akampitisha chini ya kwapa langu, miguu ikaelekea nyuma, na nikanyonyesha karibu nusu saa bila kuuma meno. Titi lile lile, kidonda mahali pale pale. Miguu ya mtoto tu ndiyo iliyohamishwa.

Ndiyo maana nalinganisha hapa mikao minne: kwapani, ubavuni, kuegemea na kupakata. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute mwishoni: siku tatu za kwanza, lala ubavu usiku, tumia kwapa mchana, na kupakata kusubiri. Ila hali za wazazi hazifanani, na huenda yako ikakupeleka kwingine.

Upasuaji unabadilisha nini

Kwanza nikuondolee hofu iliyonikaa mimi. Niliamini kwamba aliyepasuliwa hana maziwa. Si kweli. Kinachoufungulia mwili kazi ya kutengeneza maziwa kwa wingi ni kutoka kwa kondo la nyuma. Likishatoka, homoni ya projesteroni inashuka na prolaktini inapata nafasi. Kondo hutoka kwa kila mzazi, aliyesukuma na aliyepasuliwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo yenye rangi ya manjano, yamo titini tangu ujauzito.

Kinachoweza kuchelewa ni titi kujaa. Kwa wengi hujaa siku ya pili au ya tatu, na baada ya upasuaji inaweza kufika siku ya nne, hata ya tano. Maumivu na woga huzuia kwa muda oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Mtoto naye mara nyingi huchelewa kuletwa kifuani. Ukiunganisha haya mawili utaona kwa nini mkao si jambo dogo: mkao unaouma unachelewesha maziwa, na maziwa yakichelewa mama anazidi kujibana.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Maji mengi ya dripu yanaweza kuvimbisha titi, ule weusi unaozunguka chuchu ukawa mgumu, na mtoto akawa anateleza kila anapojaribu kushika. Weka ncha za vidole kuizunguka chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani kwa kama dakika moja, kisha mpe titi haraka kabla halijakaza tena. Fanya hivyo kabla hujaulaumu mkao wowote.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Kwa aliyechomwa sindano ya mgongo hilo linawezekana, kwa sababu yuko macho. Mahali pengine mtoto huwekwa kifuani mama akiwa bado juu ya meza anashonwa. Aliyepewa nusukaputi atasubiri mpaka azinduke, aweze kuitikia na kumshika mtoto, na mtu awe kando yake. Hakuna haja ya kukamua na kumwaga maziwa kwa sababu ya dawa ya usingizi. Ukiwa na akili zako, nyonyesha.

Kwapani na ubavuni

Hii ndiyo mikao ya kushindanisha kwa makini, kwa kuwa yote miwili inaliacha tumbo huru.

Kwa kwapani, unaketi umeegemea, na mto mmoja au miwili imepangwa ubavuni mwako mpaka ifike usawa wa titi. Mtoto analala juu ya mito hiyo, kiwiliwili chake kikiwa chini ya mkono wako, uso ukitazama titi. Mkono wa upande ule ule unabeba mgongo wake, na kiganja kinashika mabega na shingo. Usimsukume kisogo, ukimsukuma kisogo hukaza shingo na kurudi nyuma. Mkono wa pili unashika titi.

Ubora wake ni kwamba unauona mdomo wa mtoto. Unaona kama ameuachama vizuri, kama mdomo wa chini umepinduka kwa nje, kama kidevu kimezama kwenye titi. Akishika chuchu peke yake unajua papo hapo, unaingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, unamtoa na kuanza upya kabla hajakuchubua. Kwa mama mwenye titi kubwa, mwenye chuchu iliyolala, aliyezaa njiti au mtoto mdogo, sioni mkao wa kuushinda huu. Mwenye mapacha anaweza kuwanyonyesha kwa pamoja, kila mmoja kwapa lake.

Ubaya wake ni kuketi. Saa chache baada ya upasuaji, kuinuka tu kitandani ni safari. Halafu kuna ile tabu ya miguu: nyayo za mtoto zikigusa ukuta au mgongo wa kiti, anazisukuma, anajikunja kama upinde na titi linamtoka. Nilihangaika na hilo kutwa nzima nikidhani mwanangu analikataa titi. Dawa yake ilikuwa kumkunja nyonga, makalio yaegemee mto wa nyuma na miguu ielekee juu, ikose pa kusukuma.

Na usiisahau kanula, ule mrija mdogo wa dripu uliochomekwa mkononi. Ikiwa iko mkono wa kulia, ukikunja kiganja hicho kumshika shingo, dripu inasimama na mshipa unauma. Anza na titi la kushoto: mkono wa kushoto ubebe mtoto, wa kulia ushike titi tu. Ukifika zamu ya titi la kulia, mito ibebe uzito wote na msaidizi amshike mabega.

Ubavuni, huhitaji kuketi kabisa. Unalala kwa ubavu, mto mmoja chini ya kichwa, mmoja nyuma ya mgongo, mmoja katikati ya magoti ili nyonga zisilivute tumbo. Mtoto analala kwa ubavu akikutazama, tumbo kwa tumbo, pua yake ikiwa usawa wa chuchu. Hapo akiinua kichwa kidogo kutafuta, mdomo unafika pake. Kichwa chake kilale juu ya godoro, kisilale juu ya mkono wako. Mkono huo upandishe juu, karibu na kichwa chako. Taulo lililokunjwa likae kati ya mshono na miguu yake, kwa sababu mateke hayakosi.

Kazi ngumu ni kugeuka. Nilivyofundishwa ni hivi: kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Kiganja kimoja, au mto mdogo, kikandamize mshono taratibu. Vuta pumzi, na unapoitoa geuza magoti, nyonga na mabega kwa pamoja, kama gogo linavyobingirika. Ukitanguliza mabega na kuiacha nyonga nyuma, tumbo linasokotwa katikati na utajuta. Angalia pia mpira wa mkojo usije ukalaliwa. Mara ya kwanza fanya na mtu kando, hasa kama miguu haijarudisha hisia. Wapo pia wanaoagizwa kulala chali kwa saa kadhaa baada ya sindano ya mgongo. Fuata agizo ulilopewa, na hapo mkao wa kuegemea, nitakaoueleza, ndio utakaokufaa.

Udhaifu wa ubavuni ni kwamba huoni vizuri. Usiku, taa imezimwa, unaweza kudhani ameshika kumbe anatafuna chuchu. Kubadili titi nako kunakudai ugeuke upande wa pili, ingawa wengine hujilaza mbele kidogo wakampa titi la juu bila kugeuka. La uzito zaidi ni usingizi. Dawa kali za maumivu zinalewesha na kitanda cha wodi ni chembamba. Akimaliza, arudishwe kwenye kitanda chake, au awepo mtu macho. Na ukihisi kope zinakuwa nzito, usinyonyeshe kwenye sofa wala kiti cha kuegemea: mtoto akiponyoka hapo na kubanwa kwenye mito, anaweza kukosa hewa.

Sasa nani ashinde? Mchana, ukiwa na mtu wa kukupangia mito, kwapani unajifunza haraka zaidi jinsi mtoto anavyoshika titi. Usiku, mwili ukiwa umeishiwa nguvu, ubavuni unakuwezesha kunyonyesha mara nne bila kuketi hata mara moja. Mtoto mchanga anahitaji titi mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Ukilazimisha zote hizo kwa kuketi, utafika siku ya tatu umechoka vibaya. Mimi nisingechagua mmoja nikauacha mwingine. Ila ukiniambia nguvu ulizonazo ni za kujifunza mmoja tu leo, nitakuambia anza na kwapani, maana ukishajua ushikaji mzuri unavyohisi titini, utautambua hata gizani ukiwa umelala.

Kuegemea

Huu ni mkao wa saa za mwanzo. Kichwa cha kitanda kinainuliwa kidogo, mama anajilaza nusu chali, mtoto anawekwa kifudifudi kifuani, ngozi kwa ngozi, amefunikwa mgongo. Kwa aliyepasuliwa, mtoto asilale kwa urefu kuelekea tumboni. Alazwe mshazari au kukingama juu ya matiti, miguu ikitokea ubavuni. Wengine humweka begani, miguu ikielekea juu ya bega la mama na kichwa kikishuka kwenye titi. Kwa macho unashangaza, lakini unafanya kazi vizuri na hakuna kinachogusa mshono.

Ukimwacha hapo kwa utulivu, mtoto mwenyewe huanza kulamba, kuinua kichwa na kutafuta. Joto la mwili wako linamsaidia asipoe, na mguso huo unaamsha oksitosini. Hakikisha tu pua iko wazi, unaona uso wake, na kuna mtu anayemwangalia kama umechoka au umepewa dawa ya kulewesha. Baadaye maziwa yakishajaa, mkao huu una faida nyingine: maziwa yakitoka kwa kasi mno na mtoto akawa anapaliwa, akiwa juu yako anayamudu zaidi.

Kama mtoto hayuko nawe: mkono au pampu

Mtoto akipelekwa chumba cha uangalizi, swali la mkao linasubiri na linakuja la kukamua. Watu hukimbilia pampu. Kwa siku mbili za kwanza mimi ningechagua mkono. Dang'a ni chache na nzito: katika siku ya kwanza mtoto hunywa kama mililita 2 hadi 10 tu kwa mlo, na kiasi hicho kwenye pampu huishia kimeganda kwenye mirija na kuta za chombo. Kwa mkono unaikinga moja kwa moja kwenye kijiko safi au kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, na haipotei hata tone.

Namna yake: kidole gumba juu, vidole vingine chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha minya, kisha achia. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi, utajichubua. Ikikauka sehemu moja, zungusha vidole uendelee. Matone yanaweza kuchukua dakika kadhaa kutokea, na hiyo haimaanishi huna kitu. Anza mapema, ikiwezekana katika saa za kwanza kabisa, na urudie angalau mara 8 kwa siku, pamoja na usiku, wakati prolaktini iko juu. Usikinge kwenye chupa kubwa. Kijiko kilichojaa kinakupa moyo. Kijiko hicho hicho cha maziwa kwenye chupa kinakuvunja.

Pampu inakuwa bora kuanzia titi linapojaa, hasa kama mtoto atakaa mbali kwa siku nyingi, na inakwenda vizuri zaidi ukilikanda titi kwa mkono huku unapampu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji. Kumpa, kijiko au kikombe kidogo huosheka kwa urahisi kuliko chupa na hakimzoeshi chuchu ya mpira.

Dawa, na ushahidi wa nepi

Kuna akina mama wanaokataa dawa za maumivu ili maziwa yabaki "safi". Tafadhali usifanye hivyo. Parasetamoli na ibuprofeni hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, mradi huna tatizo lako binafsi linalozikataza. Meza kwa saa zake, usingoje mpaka uchungu ukushinde, na kama unaweza, panga dozi iwe nusu saa hivi kabla ya kunyonyesha. Tahadhari iko kwenye kodeini na tramadoli: mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo zisitumike kwa anayenyonyesha, kwa kuwa kuna miili inayozigeuza kwa kasi na mtoto akapata kipimo cha hatari. Ukiandikiwa, uliza kama kuna mbadala. Mtoto akiwa mlegevu kupita kawaida, haamki kunyonya, au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Usishangae tumbo likikunyonga mtoto anaponyonya. Ni mfuko wa uzazi unakaza, na kukaza huko kunapunguza damu. Kwa uzazi wa pili kunauma zaidi kuliko wa kwanza. Mimi nilidhani mshono umeachia.

Utajuaje mkao uliouchagua unamshibisha? Sikiliza mmezo, kisha hesabu nepi. Siku ya kwanza mkojo angalau mara 1, siku ya pili mara 2, na kuendelea hivyo hadi mara 6 au zaidi kuanzia siku ya tano au ya sita. Kinyesi kitoke kwenye weusi, kipite kijani, kiwe manjano kufikia siku ya tano hivi. Uzito utashuka kidogo siku za mwanzo, na mtoto wa mama aliyewekewa dripu nyingi huweza kushuka zaidi kwa sababu alizaliwa na maji ya ziada. Ukishuka kupita asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au nepi zikikauka, au macho na ngozi vikizidi kuwa vya manjano, aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Akiagiziwa maziwa ya nyongeza kwa sababu za kitabibu, mpe, na uendelee kumweka titini na kukamua. Nilipewa kopo uzazi wa kwanza nikadhani ndiyo mwisho wa kunyonyesha. Haikuwa lazima iwe mwisho, na hakuna aliyeniambia.

Mama naye ajiangalie: homa, mshono kuwa mwekundu au kutoa usaha, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma vikali ukiketi. Lolote kati ya haya halingojei kesho.

Kupakata

Nimeuacha mwisho kwa sababu ndivyo ningetaka uuache. Mtoto anakingama mbele ya tumbo, kichwa kwenye kiwiko, na uzito wake wote uko mlango wa mshono. Ukimwinua kwa mto mnene unapata nafuu, lakini mto nao unakandamiza. Ukiutaka mapema, tumia ule wa mkono wa kinyume: titi la kushoto, mkono wa kulia ndio unaobeba mgongo na kushika shingo. Unamwongoza vizuri zaidi, na unaweza kumpandisha juu zaidi ya mshono. Mlete mtoto kwenye titi. Ukiinama wewe kumfuata, mgongo utauma wiki nzima.

Kipimo changu cha kuanza kupakata kilikuwa kikohozi. Siku za mwanzo sikuweza kukohoa bila kulishika tumbo kwa mikono miwili. Siku nilipokohoa nikiwa nakunja nepi na mikono ikabaki kwenye nepi, nilikaa kitini, nikamweka mwanangu mbele yangu bila mto. Alinyoosha mguu kama kawaida yake, kisigino kikagusa palepale, na tuliendelea kunyonyesha.